Nyekundu Ile Si Damu

Jumatatu, 7 Januari

Wamekuja kuzichukua asubuhi, wanaume wenye glavu, wakazifunga picha zangu taratibu kama watu wanaovisha maiti ya tajiri. Mama alitoka chumbani na gauni lake la kuamkia, akasimama mlangoni kuwatazama.

"Miaka yote hii tunazipita ubavuubavu kwenda msalani," akasema, "kumbe zilikuwa za kushikwa na glavu!"

Mimi nilicheka. Wao walitazamana, hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka.

Nyumba sasa ina kuta tupu, na pale zilipokaa picha rangi ya ukuta ni mpya. Nimeona nianze kuandika, maana nikikaa kimya mpaka Machi nitapasuka. Jumba la Sanaa la Harlan, lile kubwa la katikati ya jiji, linafungua maonyesho yangu. Yangu peke yangu. Nina miaka sitini na moja. Nimesomea uchoraji mpaka shahada ya pili, nimeufundisha chuoni mpaka nikastaafu, na picha zangu hazijawahi kuvuka mto kwenda kuta za wakubwa. Hazina watu wala nyumba. Ni rangi, na mwanga unavyokaa juu ya rangi.

Aliyelisukuma jambo hili ni Renita Coles, mwanafunzi wangu wa zamani. Siku hizi ni msimamizi msaidizi wa maonyesho pale Harlan, na ndiye mtu mweusi pekee katika ofisi yao. Alipokuja kuniambia aliingia bila hodi, akanikumbatia na koti lake lililojaa theluji.

Jumatano, 9 Januari

Theluji. Nimechimbua gari, nikaweka kiti kibovu cha jikoni kulinda nafasi yangu ya kuegesha. Mtu wa Chicago atakuibia mke kabla hajakuondolea kiti.

Jumanne, 15 Januari

Chakula cha mchana na Bwana Alden Thorpe, msimamizi mkuu, bosi wake Renita. Mzungu mrefu, mpole, mwenye miwani ya bei. Aliniita "Verlene" kabla hajaketi. Kwa watu nisiowajua mimi ni Bi Mabry. Renita alinitupia jicho.

Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamtajia walimu wangu. Akatikisa kichwa kwa subira, kama mtu anayengoja mtoto amalize uongo wake.

"Lakini kabla ya shule," akasema. "Hii nguvu ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwenye kutaka kuchora."

"Mama yako alishona mablanketi ya viraka, labda? Au bibi yako, kule Kusini?"

"Mama yangu hajui kushona hata kifungo. Alikuwa karani wa posta."

Nilimwona akihuzunika. Kweli kabisa, uso ulimshuka, kama vile nimemnyima urithi. Renita alikohoa ndani ya leso, na nadhani alikuwa anacheka. Nilirudi nyumbani nikiwa bado nampenda sana Renita.

Ijumaa, 18 Januari

Hollis Teague amepita na samaki wa kukaanga. Tumejuana tangu ujana. Yeye ni mchongaji wa chuma, na anajulikana kuliko mimi, maana anachonga minyororo. Minyororo ya kila namna: iliyokatika, iliyofungwa, inayoning'inia. Imo katika majumba ya sanaa ya miji mingi.

Nilimsimulia ya Thorpe na mablanketi. Akacheka mpaka akatema mwiba.

"Dada yangu, ungempa tu bibi mmoja! Bibi wa uongo anakudhuru nini? Mimi nina babu mfua vyuma kutoka Georgia ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ameniuzia kazi kuliko wakala yeyote."

"Hollis, huoni haya?"

"Haya niliiona nikiwa na njaa. Sikiliza. Mzungu akichora duara, ni duara. Wewe ukichora duara, ni kitanzi au ni jua la Afrika. Wewe chagua moja mapema, wasije wakakuchagulia."

Jumapili, 20 Januari

Mchungaji ametangaza maonyesho yangu kanisani. Mama alivaa kofia ya zambarau na hakugeuza shingo ibada nzima, ili watu wote waione.

Alhamisi, 24 Januari

Sitaki kuandika haya, lakini nitaandika.

Leo walikuwa wanapiga filamu fupi ya kuonyeshwa mlangoni mwa maonyesho. Nilidhani watanipiga picha nikiwa kazini. Nilivaa koti langu la rangi, nikaandaa brashi. Walikaa kidogo tu, kisha mwenye kamera akasema twende nje "tukauone mtaa". Tukaingia garini, Renita mbele, mimi nyuma. Tukapita kanisa, tukapita duka la nywele, na gari likaanza kupunguza mwendo. Nikajua tunapokwenda kabla hatujafika, kama unavyojua daktari atakachosema akivuta kiti.

Kona ile. Ndipo alipopigwa risasi mdogo wangu Lucius, mwaka sabini na tisa. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, ametoka kununua soda. Aliyepiga hakupatikana. Siku hizi pana kituo cha mafuta.

"Tungependa usimame pale," akasema mwenye kamera, "utazame chini tu. Huna haja ya kusema lolote."

Nikamuuliza nani aliyemwambia habari za kona hii. Akamtazama Renita. Renita akatazama mbele.

"Wana watafiti wao, Bi Mabry," Renita akasema. "Magazeti ya zamani yapo."

"Geuza gari."

"Dakika mbili tu, Bi Mabry, kisha—"

"Renita. Sishuki. Nirudishe kwa mama yangu."

Nilipoingia ndani, Mama aliuliza kwa nini nimerudi mapema. Nikamwambia baridi imeharibu kamera.

Tangu tulipomzika Lucius, Mama hajalitaja jina lake mbele yangu. Halitaji hata akiomba. Husema "watoto wangu" kwa sauti ileile ya zamani, na mimi ndiye niliyebaki.

Jumatano, 30 Januari

Baridi ya kuua. Redio imesema tusitoke kabisa, ngozi inaganda kabla hujafika kona. Jiji lote limefungwa. Mvuke unapanda juu ya ziwa kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Tumekaa jikoni, tanuri wazi, mboga zinachemka na mfupa wa nguruwe. Mama ananitazama.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, Mama."

"Unakunja uso kama baba yako akidaiwa."

"Ni baridi tu."

"Baridi haimkunji mtu hivyo," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Namwogopea. Ana miaka themanini na sita na moyo unaomezewa vidonge. Kama Thorpe anaye Lucius mkononi, Mama atakutana naye ukutani, mbele ya watu wanaokunywa divai.

Jumamosi, 2 Februari

Simu hailali. Maktaba, redio, shule. Februari ndio mwezi wa historia yetu sisi Weusi, na kila mwenye kipaza sauti anakumbuka kwamba tupo. Hollis anasema simu yake hufufuka kila Februari na kufa tena tarehe moja Machi.

Alhamisi, 7 Februari

Renita ameniletea maandishi yatakayobandikwa ukutani, kando ya kila picha. Aliyaweka mezani kama mtu anayeweka sahani yenye nyufa, akakaa na koti lake mwilini.

Maonyesho yamepewa jina: "Jeraha Lisilopona". Mimi nilikuwa nimewapa jina, "Picha za Miaka Arobaini". Silioni popote.

Nikasoma kwa sauti: "'Mabry, aliyechipuka bila kufundwa katika mitaa migumu ya kusini mwa jiji...' Bila kufundwa, Renita? Na wewe uliyekaa darasani kwangu ulikuwa unafanya nini, unaota moto?"

"Sentensi hiyo sikuiandika mimi, Bi Mabry."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ukaiacha ipite."

Nikafungua ukurasa wa picha yangu kubwa kuliko zote, ile nyekundu. Jina lake ni "Jikoni kwa Mama, Agosti". Niliichora kiangazi kimoja Mama alipokuwa akipika nyanya za kuweka kwenye chupa. Jua la jioni liliingia dirishani likaupata ule mvuke, na jikoni zima, sufuria, dari, mikono ya Mama, likawa jekundu moja lenye kina, nikasimama mlangoni nikasahau nilichofuata. Nilitumia mwaka kulitafuta jekundu lile. Wao wameandika hivi: wekundu huu ni damu ya ndugu yake iliyomwagika barabarani, kilio cha umma mzima kilichokosa maneno.

Niliketi.

"Niliichora kwa furaha," nikamwambia. "Furaha, Renita. Mtu mweusi hana haki ya kuwa na nyekundu yake ya furaha?"

"Anayo."

"Basi nani aliwaambia habari za Lucius? Na usiniambie magazeti."

Akavua glavu, kidole kimoja kimoja. "Ni mimi."

Nilimwambia mwenyewe, zamani, alipofiwa na binamu yake akashindwa kuja darasani. Nilimfuata kwao, nikakaa naye ngazini, nikamwambia habari za Lucius ili ajue kwamba mtu huendelea kuishi. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi mwingine.

"Ngoja nikwambie ilivyokuwa," akasema, na machozi hayakuwa mbali, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Mara ya kwanza nilipeleka jina lako kikaoni nikiwa na picha tu. Nikazungumza rangi, nikazungumza mwanga, kama ulivyonifundisha. Wakapiga miayo. Wakasema nzuri, lakini zinahusu nini? Bi Mabry, mwezi huohuo tulikuwa tumefungua maonyesho ya Mzungu aliyepaka mistari ya kijivu ukuta mzima. Hakuna aliyemuuliza inahusu nini! Nikarudi mwaka uliofuata. Nikataja ndugu yako. Wote wakakaa vizuri vitini."

"Kwa hiyo ulimuuza."

"Mlango ulikuwa umefungwa. Nilitumia ufunguo niliokuwa nao."

"Ufunguo huo una jina. Na una mama, yuko chumba cha pili anasikiliza redio."

Akainuka. Mlangoni akageuka. "Ungependelea usiwepo kabisa pale? Niambie tu. Ungependelea picha zikae hapa, mkizipita ubavu, mpaka ufe?"

Nilifunga mlango. Swali lilikuwa la haki. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Jumatatu, 11 Februari

Nimempigia Thorpe. Nimemwambia: jina libadilishwe, neno "bila kufundwa" litoke, Lucius atoke. Alinisikiliza vizuri mno. "Nashukuru sana kwa uwazi wako, Verlene. Tutalifanyia kazi."

Jumatano, 13 Februari

Theluji inayeyuka. Mitaa ni tope jeusi na mavi ya mbwa ya majira yote.

Jumanne, 19 Februari

Thorpe amenipigia mwenyewe. Amesema wamenisikia, na kwamba ukuta utaniheshimu. Alirudia neno hilo, kuheshimu. Nimelala mchana kama mtoto. Renita hajanipigia tangu siku ile, na mimi sijampigia.

Jumapili, 3 Machi

Theluji tena, nyepesi. Mama amenunua viatu vya ufunguzi. Anavivaa ndani ya nyumba kuvilainisha, namsikia akipita ukumbini ko, ko, ko.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimekwenda kuona wanavyotundika.

Kwanza niseme zilivyokuwa, maana nastahili kuliandika hata hilo. Ukumbi ni mpana, mweupe, mwanga unashuka kutoka juu bila kivuli. Sijawahi kuziona picha zangu kwa mbali. Nyumbani huwezi kurudi nyuma, utagonga jokofu. Nilisimama katikati, na zile rangi zikanijia zote mara moja, kijani cha ziwa la Aprili, njano ya taa ya ngazini kwetu, na ile nyekundu, upande wa mbali, ikiwaka peke yake. Nilijisemea, kumbe ni kweli. Kumbe sikuwa nimejidanganya.

Kisha nikageuka.

Ukuta wa kuingilia, kinyume na ile nyekundu, wametundika picha ya gazeti. Wameikuza ikawa ndefu kuliko mtu. Barabara. Shuka jeupe juu ya kitu kilicholala. Na kando yake, magotini, mwanamke, mdomo wazi, kiatu mguu mmoja. Ni Mama yangu. Wamemkuza mpaka unaona meno yake.

Thorpe alikuja kwa mwendo wake wa taratibu. "Nilitaka uione ikiwa imekamilika," akasema. "Ina nguvu, sivyo? Ozella anaibeba picha nzima."

"Hapa duniani hakuna anayemwita mama yangu Ozella ila Mungu na dada zake waliokwisha kufa. Ni Bibi Mabry. Uliniambia utaniheshimu."

"Na tumefanya hivyo. Tumetoa lile neno la kutofundwa. Lakini wageni wanahitaji mahali pa kuingilia. Picha zako ni ngumu, Verlene. Bila historia yako, watu watapita tu."

"Waache wapite. Wapo waliopita mbele ya mistari ya kijivu pia."

Akatabasamu kidogo, kwa huruma. "Ile ilikuwa kazi kuhusu uchoraji wenyewe."

"Na hii?"

Hakuona hata kwamba ameulizwa swali. Hapo ndipo hasira ilipotulia ndani yangu ikawa kitu baridi, kizuri kushikika.

"Bwana Thorpe," nikasema, "picha hizi ni zangu, mmeziazima. Ama mtoe ile ya gazeti, na filamu, na jina hilo la jeraha, ama niite gari nizirudishe nyumbani."

"Hakuna anayefanya hivyo siku za mwisho hivi. Mialiko imekwenda. Katalogi imeshachapwa. Fikiria jina lako."

"Ndilo ninalolifikiria."

Mafundi walikuwa wameacha kugonga. Renita alikuwa amesimama karibu na ngazi, mikono imeshika pimamaji ya kunyooshea fremu, macho chini. Nilingoja aseme neno, lolote. Hakusema. Nikatoka kwenye upepo wa ziwa bila kufunga koti.

Jumanne, 12 Machi

Hakuna simu. Mama anaulizia saa ya kwenda kutengeneza nywele. Nimemwambia bado napanga.

Hollis amekuja. Nilidhani atanicheka, kisha anishauri nikubali. Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza. Alikaa jikoni na kofia mikononi, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa soksi. Ni ndege, koikoi, wa chuma chembamba, mguu mmoja umekunjwa. Aliposimamishwa mezani alionekana anataka kuruka.

"Nani kamchonga?"

"Mimi, nani mwingine? Ninao wengi. Wako ghalani, wamefunikwa. Ndivyo nilivyoanza, dada, na ndege. Nilipowapeleka kwa mwenye duka la sanaa akaniambia, kijana, ndege wazuri, lakini wewe una habari gani na ndege? Nikaenda nyumbani nikachonga mnyororo. Akaununua siku hiyohiyo."

"Hujawahi kuniambia."

"Nilikwambia kwa mizaha. Miaka yote nakwambia kwa mizaha." Akamfunga ndege tena ndani ya soksi. "Usikubali, Verlene. Watakuchukia kidogo, wataandika kwamba wewe ni mwanamke mweusi mwenye hasira. Hayo maneno walikuwa nayo tayari kabla hujazaliwa. Usikubali."

Baada ya yeye kuondoka nilipigia kampuni ya kusafirisha mizigo, nikauliza kama wana gari keshokutwa.

Jumatano, 13 Machi

Mvua, ya kwanza isiyo theluji. Renita amekuja, amelowa, hana mwavuli. Nilimfungulia mlango, sikumkaribisha kiti.

"Zimetoka," akasema. "Picha ya gazeti, filamu, jina. Ukutani patakuwa na majina ya picha na miaka tu. Kama ulivyoandika wewe."

"Thorpe amekubali?"

"Hapana. Nilimruka, nikaenda kwa mkurugenzi. Nilimwambia kama haitoki, nafuta jina langu kwenye katalogi, na mwandishi yeyote atakayeniuliza sababu nitamwambia. Nikamwambia pia kwamba habari za ndugu yako nilizitoa mimi na hazikuwa zangu."

"Na jana kwa nini ulinyamaza? Na juzi, pale ngazini?"

"Niliogopa," akasema. "Nina miaka saba pale, Bi Mabry. Ukiwa peke yako unajifunza kuchagua siku ya kusema. Unachagua, unachagua, mwisho unagundua hujawahi kusema." Akafuta maji usoni. "Katalogi imeshindikana. Imechapwa, picha ya gazeti imo, itauzwa vilevile. Hilo sikuliweza."

"Na wewe watakufanyaje?"

"Thorpe hanisemeshi. Tutaona."

Nilikuwa nimemtunzia maneno makali tangu Februari. Nilimtazama akidondosha maji sakafuni kwangu, na nikaona msichana aliyeniingiza mlangoni kwa wizi, kisha akarudi kulipa kwa mkono wake mwenyewe. Sijamsamehe yote. Nilimvua koti nikalitundika karibu na tanuri, nikampakulia mboga na mkate wa mahindi. Alikula kama mtu aliyefunga siku nyingi.

Ijumaa, 15 Machi

Ufunguzi. Mama hakwenda. Alivaa, akakaa kitandani, akasema, "Nitakwenda siku ambayo hakuna wa kunitazama mimi badala ya picha." Sikujua ana maana gani, na niliogopa kuuliza.

Watu walikuwa wengi. Thorpe alitoa hotuba akasema "jeraha" mara nyingi, lakini ukuta haukumsaidia. Mzee mmoja nisiyemjua alisimama mbele ya ile nyekundu muda mrefu, kisha akaja kuniuliza nimechanganya nini kupata rangi ile. Nilitaka kumbusu. Katalogi zilirundikwa mlangoni. Nimeleta moja nyumbani, nimeificha chini ya taulo.

Alhamisi, 21 Machi

Gazeti limeandika. Mwandishi anasema kazi yangu ni "kimya kinachoficha hasira". Hollis amepiga simu: "Hongera dada, umefichua hasira bila kuchora hata ngumi!" Tumecheka. Nilipokata simu sikuwa nacheka.

Jumanne, 26 Machi

Leo Mama amesema, "Twende." Hivyo tu, akivaa viatu.

Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Alizunguka na fimbo yake polepole, akisoma jina la kila picha. Mbele ya ile nyekundu pana benchi. Akaketi. Nilikaa kando yake. Baadaye nikaona kichwa kimeinama, amesinzia, mikono juu ya mkoba, na uso wake umepata rangi kutoka ukutani. Watu wawili waliingia wakatuona wakatoka kwa ncha za vidole.

Alipoamka hakushtuka.

"Niliisoma ile katalogi," akasema.

"Mama, nani alikupa?"

"Earline wa kwaya alininunulia tangu Jumapili ya kabla ya ufunguzi. Alidhani ananifurahisha, maskini. Nimeisoma yote, na picha yangu nimeiona. Wewe ukaificha nyingine chini ya mataulo ninayoyakunja mimi kila wiki!"

"Nilitaka kukukinga."

"Najua. Na mimi nilinyamaza nikukinge wewe. Tumekingana miaka arobaini, mtoto hana pa kupita." Aliitazama picha. "Wameandika nilivyolia. Sawa, nililia. Lakini Lucius waliyemwandika aliishi siku moja tu, Verlene. Siku ile aliyokufa. Hawakuandika kwamba hakujua kuogelea, na kila Jumamosi alikuwa anawadanganya wasichana ufukweni kwamba amevuka ziwa zima mpaka Michigan na kurudi."

"Mama!"

"Anajimwagia maji kichwani, anatoka anahema!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka bega lake likanigonga, na sauti ikazunguka ukumbi ule mweupe wote. "Na wanamwamini! Wewe mwenyewe ulimwamini."

Nilikuwa nalia na nacheka, sijui kipi kilianza. Jina lake, mdomoni mwa Mama, lilisikika la kawaida tu, kama la mtu aliyetoka kidogo.

Njiani kurudi alisimulia mpaka koo likamkauka. Tulikaa garini mbele ya nyumba, injini inaunguruma, hakuna aliyetaka kushuka kwanza.

Jumapili, 31 Machi

Renita amepiga. Hajafukuzwa. Ameondolewa kwenye maonyesho makubwa, amepewa ya watoto wa shule. Anatafuta pengine. Nimemwambia aje Jumapili ijayo, Mama anataka kumwona.

Theluji imebaki kwenye vivuli tu. Baada ya kanisa nilitandaza turubai ndogo mezani. Hii haitatoka nyumba hii, hakuna atakayeiandikia maneno. Sijachora uso wa mtu tangu chuoni, na mkono umesahau. Mama amekaa kando yangu, anakosoa.

"Siyo hivyo. Sikio lake lilichomoza nje. Vuta zaidi. Zaidi, Verlene, usimwonee haya, lilikuwa kubwa hivyo."

Nimevuta zaidi.

"Haya," akasema. "Sasa ndiye."